Hukumu ya Nyimbo: Juu ya Uhakiki wa Albamu katika Lugha ya Kiswahili

Shairi likichapwa gazetini au likiingia katika diwani, halikai siku nyingi bila ya kupata mtu wa kulipima. Mizani yake huhesabiwa, vina vyake huangaliwa, na huulizwa kama maneno yake yametuama mahali pake au yanayumba. Mtungaji akikosea hujibiwa, na pengine hujibiwa kwa shairi. Desturi hii ni ya zamani katika lugha ya Kiswahili, na Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliwapa wapimaji kanuni zilizoandikwa, wakaweza kubishana juu ya jambo moja badala ya kila mtu kubishana na kivuli chake.

Lakini wimbo ukitiwa katika santuri, au katika kanda, au katika mitambo iliyofuata, mambo huwa mengine. Husikiwa na watu maelfu, huimbwa na watoto njiani, huingia katika methali za mitaani, na aghalabu hapatikani mtu wa kuuandikia kurasa mbili za hukumu katika lugha ile ile ulioimbwa. Albamu mpya hutoka, hutangazwa, huchezwa, husifiwa na rafiki za mwimbaji na kutukanwa na mahasimu wake. Kisha hupita kama upepo wa kusi, na mahali pake huja nyingine. Sifa zipo nyingi na matusi hayakosi. Kilicho haba ni uhakiki, yaani kuipima kazi kwa sababu ambazo msomaji anaweza kuzikubali au kuzikataa.

Pengo hili halikai tupu. Penye kiti cha hakimu pasipo na hakimu, kila apitaye hukalia. Katika habari ya nyimbo za Kiswahili waliokikalia ni watatu. Wa kwanza ni mwandishi wa ng'ambo, ambaye husikia sauti vizuri sana wala hasikii maneno. Wa pili ni soko, ambalo halisikii sauti wala maneno, bali huhesabu wasikilizaji. Wa tatu ni mamlaka, ambayo husikiliza maneno kwa hadhari kubwa, tena mara nyingi neno moja tu, na muziki haiusikii. Si kweli kwamba watatu hawa hawana haki ya kusema. Kila mmoja ana lake analolijua. Walakini wimbo ni neno na sauti kwa pamoja, na asikiaye kimoja akaacha kingine hawezi kusema ameusikia. Inafaa basi kuzitazama kazi chache zilizotoka katika miaka ya karibu, za taarabu, dansi, singeli na bongo fleva, na kuona hukumu ya masikio mawili ingesema nini ambacho hukumu ya sikio moja imeshindwa kukisema.

Kwanza yapasa kukumbuka kuwa njia hii haikuanza leo. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, hakuandika habari za mtawala wala za mwanachuoni. Aliandika habari za mwimbaji, mwanamke aliyezaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kuuza sauti, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenziwe kutia nyimbo katika santuri. Mwandishi mkubwa wa zama zile aliona kuwa sauti iliyomo katika sahani inastahili kalamu. Tena hakuitenga sauti na maneno; aliona kuwa utukufu wa Siti ulikuwa katika kuimba kwa Kiswahili mambo ya watu wasemao Kiswahili, wakati ambapo taarabu ya majumba makubwa ilikuwa imezoea kuimbwa kwa Kiarabu. Mlango ulifunguliwa siku ile. La kusikitisha ni kwamba waliopita baadaye ni wachache.

Jina hilo hilo la Siti linaleta mfano wa kwanza. Mwaka 2020 kampuni ndogo ya London, On the Corner Records, ilitoa albamu iitwayo Siti of Unguja, iliyoimbwa na Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad. Nyimbo zake nyingi zatoka katika hazina ya bibi huyo mkuu. Udi na mapigo ya taarabu vimewekwa pamoja na besi nzito na mitambo ya siku hizi, na nafasi kubwa imeachwa baina ya ala na ala, hata sauti ya mwimbaji inasikika kama ya mtu aliyeketi peke yake barazani usiku. Kazi hii ilipokewa vizuri Uingereza, na ilistahili. Siti Muharam hana haraka. Hulishika neno, akalizungusha, akaliachia likiwa limeiva. Na waliomfanyia kazi katika studio walikuwa na busara ya kutoijaza kila nafasi.

Hapo ndipo sikio moja linapofika na kusimama. Sifa zitolewazo kwa muziki wa namna hii katika magazeti ya ng'ambo aghalabu hukimbilia bahari, usiku, karafuu na uzuri uliojaa huzuni. Lakini katika albamu hiyo mna wimbo uitwao "Kijiti", na wimbo huo si wa bahari wala karafuu. Ni habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na mtu wa jina hilo, na ya jinsi muuaji alivyotoroka, huku mkono wa sheria ukiwaangukia waliofika kutoa ushahidi. Siti binti Saad aliuimba mbele ya watu walioijua kesi, walioijua mahakama, na waliojua ni nani katika mji ule aliyekuwa na uwezo wa kufungwa na nani hakuwa nao. Wimbo ulikuwa rufaa mahali ambapo rufaa nyingine haikuwapo. Asiyejua maneno husikia mwanamke akiomboleza kwa sauti nzuri. Ajuaye maneno husikia mji ukishtakiwa.

Sasa hukumu ya masikio mawili yaweza kuuliza swali ambalo mwingine hawezi kuliuliza: je, mapambo mapya yameisaidia rufaa ile au yameizima? Jibu si rahisi, na ndiyo sababu yafaa liandikwe. Kwa upande mmoja, utulivu wa albamu hii humpa msikilizaji nafasi ya kusikia kila silabi, jambo ambalo sahani za zamani, pamoja na mikwaruzo yake, haziwezi kumpa. Kwa upande wa pili, utulivu ni ule ule katika wimbo wa mapenzi na katika wimbo wa mauaji. Giza lililopakwa juu ya machozi ya mpenzi limepakwa pia juu ya damu ya maiti, na hivyo mambo mawili yaliyokuwa mbali yamekaribiana mno. Siti wa kwanza alikuwa akisimulia. Kitukuu chake, katika pambo hili, anakumbuka. Kukumbuka ni jambo jema, lakini si sawa na kushtaki. Msikilizaji anaweza kuikataa hukumu hii. La muhimu ni kwamba hawezi kuikataa bila ya kurudi kuusikiliza wimbo, na hilo ndilo tunda la uhakiki.

Mfano wa pili ni wa muziki wa dansi, na hauhitaji maneno mengi. Tangu mwaka 2005 kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, imekuwa ikitoa mfululizo uitwao Zanzibara, ambao baadhi ya sahani zake zimekusanya nyimbo za bendi za Tanzania za miaka ya 1960, ya 1970 na mwanzo wa ya 1980. Mpangaji wa mfululizo huo, Werner Graebner, ni mtu aliyejishughulisha na maneno pamoja na sauti, na kwa ajili hiyo sahani hizo zinafaa hata kwa mwanafunzi wa lugha. Lakini kuna jambo moja ambalo msikilizaji wa leo hulipita. Zamani wimbo wa dansi ulipotiwa katika sahani ndogo, mara nyingi ulikatwa sehemu mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma. Wimbo wenyewe nao ulikuwa na sehemu mbili kwa asili yake: mwanzo wa polepole, ambamo kisa husimuliwa na nasaha hutolewa, na baadaye chemko, ambamo magitaa na tarumbeta hushika njia na wachezaji huachiwa uwanja. Kwa hiyo aliyetaka nasaha alicheza upande wa kwanza, na aliyetaka kucheza aligeuza sahani.

Katika bendi kama Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, mpango huu ulifika daraja ya juu sana. Wimbo kama "Talaka ya Hasira" jina lake peke yake ni nusu ya hotuba. Mtu akihukumu chemko tu atasema hii ni bendi ya magitaa matamu. Akihukumu maneno tu atasema hawa ni waalimu wa adabu. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na wote watakuwa wameipoteza siri ya muziki huo, kwamba nasaha ilitangulia furaha, na furaha ikawa kama malipo ya kuvumilia nasaha. Anayepanga nyimbo hizi upya katika albamu, naye akafupisha mwanzo ili afike upesi kwenye chemko, huwa amevunja mkataba wa kale baina ya bendi na wachezaji.

Mfano wa tatu ni singeli, na hapa tofauti ya masikio ni kubwa kuliko popote. Muziki huu ulizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, katika mikesha ya vigodoro na katika nyayo za mchiriku. Mwendo wake hufika mapigo 200 kwa dakika, na mara nyingine hukaribia 300. Mwaka 2017 kampuni ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso kutoka studio moja ya Dar es Salaam, na baadaye zikafuata albamu za mafundi wa mitambo mmoja mmoja: Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Mateso ya Sisso na Uingizaji Hewa ya Duke, zote za mwaka 2019. Katika miji ya Ulaya kazi hizi zilipokewa kwa mshangao. Mshangao huo ulikuwa wa haki, kwa maana mafundi hawa, kwa vyombo vichache na rahisi, walifanya jambo ambalo wenye vyombo vingi hawakulifikiria.

Hata hivyo mshangao uliangukia kitu kimoja, nacho ni mwendo. Ikawa kana kwamba singeli ni mashindano ya mbio, na kwamba anayekimbia zaidi ndiye fundi zaidi. Yamkini jambo hili liliathiri hata uchaguzi wa kazi zenyewe, kwani katika albamu zilizopelekwa nje mitambo imepewa kiti cha mbele, na sauti ya mwimbaji mara nyingi huja kama mgeni. Nyumbani mambo ni kinyume. Huko singeli ni kwanza mtu mwenye kipaza sauti, ambaye hutaja shida za kodi ya nyumba, fitina za majirani, deni, mama mkwe na ugumu wa mkate, na mtambo humkimbiza ili aseme kabla hajakatwa kauli. Hata majina ya albamu hizo yanalia jambo hilo: tatizo ni pesa, kuna mateso, na panatakiwa hewa. Asiyejua maana ya majina hayo atacheza. Ajuaye atacheza pia, lakini atajua anachezea nini.

Maneno ya singeli yana jambo jingine lipasalo kuangaliwa na wapenzi wa lugha. Mwaka 2016 wimbo wa Man Fongo uitwao "Hainaga Ushemeji" ulienea mno, na jina lake likawa msemo wa kila mahali. Walimu wengi walilitazama neno "hainaga" kama uchafu. Ni kweli kuwa halimo katika Kiswahili sanifu. Lakini mhakiki hatakiwi kukimbilia fimbo kabla ya kuuliza neno linafanya kazi gani. Kiswahili sanifu kina kiambishi cha desturi, hu-, kama katika "hula" na "huja". Na kiambishi hicho hakina umbo lake la kukanusha. Anayetaka kusema kuwa jambo fulani kwa desturi halina kitu fulani, hana budi kutumia maneno mawili: "huwa haina." Kiishio -ga, ambacho kwa maana ya desturi kimo katika lugha nyingi za Kibantu za bara, Kisukuma na Kikuyu zikiwemo, kinaziba pengo hilo kwa silabi moja. Katika muziki wa mapigo 200 kwa dakika, silabi moja ni mali. Basi neno hilo si kosa la mtu asiyejua. Ni chaguo la mtu aliyebanwa na mwendo, akapata katika lugha ya mtaani chombo ambacho lugha ya shuleni haikumpa. Anayependa kulilaumu na alilaumu, lakini baada ya kulielewa. Sikio lililosikia mwendo tu halikuliona neno hili, na sikio lililosikia neno tu halikuona kwa nini lilihitajika.

Mfano wa nne unatoka katika bongo fleva, nao una kazi mbili zilizotengana kwa miaka 17. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, ambamo mna wimbo "Ndio Mzee". Ndani yake mgombea anatoa ahadi juu ya ahadi, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na watu wanamwitikia kwa kukubali. Wengi waliusifu kama wimbo wa kuwacheka wanasiasa, na sifa hiyo haikuwa ya uongo. Tena maisha yalitia nyongeza ya ajabu mwaka 2015, mtungaji mwenyewe alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Lakini ukiusikiliza vizuri, mshtakiwa si mgombea peke yake. Kiitikio kiko mikononi mwa watu. Katika ngoma na katika ngonjera, mwitikiaji ndiye mwenye nguvu ya kuukata wimbo, kwa kuwa akinyamaza wimbo umekwisha. Hapa hanyamazi. Mtungaji amechukua chombo cha kale cha pamoja, akakigeuza kioo, na anayeitikia kwa furaha redioni ndiye anayechekwa. Mdundo wenyewe ni mwepisi na hurudia pale pale. Mtu angeweza kuuita udhaifu, lakini kurudia huko ndiko kunakofanana na mikutano yenyewe.

Kazi ya pili ni A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz, iliyotoka mwezi wa Machi mwaka 2018. Hii ni kazi ya mtu aliyefika mbali, na haikuficha jambo hilo. Ne-Yo, Rick Ross, Omarion na Morgan Heritage wote wamo, na nyimbo kadha wa kadha zilikuwa zimekwisha kusikiwa kabla ya albamu kutoka. Soko lilitoa hukumu yake kwa hesabu, na hesabu ilikuwa kubwa. Mhakiki, hata hivyo, huuliza kama albamu ni neno moja au ni ghala. Jina lake linaahidi habari ya mtoto wa Tandale, mtaa wa watu wengi na nafasi ndogo katika Dar es Salaam. Lakini anayeingia kumtafuta mtoto huyo hukutana na wageni wengi sebuleni, na mwenye nyumba akawa shughulini kuwakaribisha. Nyimbo za kushirikiana na wageni zimesanifiwa kwa ustadi, na kila moja ingeweza kutoka katika mji wowote mkubwa wa dunia. Ndiyo sifa yake, na ndiyo ila yake.

Mtoto wa Tandale anapatikana katika wimbo "Sikomi". Humo mwimbaji anataja mapenzi yaliyomshinda, moja baada ya jingine, na uzito wote umeegemezwa juu ya kitenzi kimoja. Kukoma ni kufika mwisho; tena ni kupata funzo kwa maumivu, kama mtoto aliyeungua moto na kuapa kutourudia. Basi asemaye "sikomi" amesema mawili kwa pamoja, kwamba hana mwisho na kwamba hana funzo. Katika maana ya kwanza anajisifu, katika ya pili anajilaumu, na sauti yake, ambayo hapa imepunguziwa mapambo, haichagui baina ya hizo mbili. Tafsiri ya lugha nyingine italazimika kuchagua, na kwa kuchagua itakuwa imeuua wimbo. Kama kuna jambo moja ambalo uhakiki wa Kiswahili unaweza kumwambia mwimbaji mkubwa kwa nia njema, ni hili: nguvu yake ambayo hapana mgeni awezaye kumwazima imo katika kitenzi hicho.

Baada ya kuziona kazi hizi, inafaa kurejea kwa hakimu wa tatu. Mwaka 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo "Wapo". Kisha Rais wa wakati ule, John Magufuli, akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Mwaka 2018 zaidi ya nyimbo kumi zilikatazwa kupigwa redioni na katika televisheni nchini Tanzania, mbili za Diamond Platnumz zikiwemo, na mwezi wa Novemba mwaka huo ukapigwa marufuku wimbo wa "Mwanza", wa Rayvanny pamoja naye. Katika habari hizi zote watu waligawanyika makundi mawili, wa kukataza na wa kuruhusu, na mjadala haukuwa na mahali pa tatu pa kusimama.

Mahali pa tatu palikuwapo. Wimbo wa "Mwanza" ulilaumiwa kwa kulichezea jina la mahali ili kuashiria jambo la faragha. Lakini mchezo huo ni wa zamani katika Kiswahili, na mahali pake pa heshima panajulikana. "Muhogo wa Jang'ombe", uliovuma kwa sauti ya Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, nao una jina la mahali, nao una mambo chini yake, na hapana aliyeona haja ya kuukataza. Tofauti haimo katika haya ya wazee na ukosefu wa haya wa vijana, kama ilivyosemwa na wengi. Imo katika ufundi wa fumbo. Fumbo jema lina nyuso mbili, na uso wa juu lazima uwe kamili hata kama wa chini usingekuwapo. Muhogo ni muhogo. Mtoto anaweza kuuimba, mkulima anaweza kuuimba, na kila mmoja akapata haki yake. Katika wimbo wa pili jina la mahali halibebi kitu chake lenyewe. Lipo ili msikilizaji akonyezwe, na akisha kukonyezwa halina kazi tena. Kukonyeza si kufumba. Hukumu hii ni kali, walakini ni hukumu ya kazi, na mtungaji anaweza kuijibu kwa kutunga fumbo lililo bora zaidi. Marufuku haina jibu. Aliyepigwa marufuku hujiona shujaa, na ila ya utungo wake hubaki pale pale, imefunikwa na ushujaa.

Hilo ndilo jambo lililo hatarini. Lugha ikikosa wahakiki wa nyimbo zake, haikosi hukumu. Hukosa hukumu zinazofundisha. Msikilizaji kijana hubaki na njia mbili tu za kujua kuwa wimbo ni mzuri, kwamba umependwa na wengi au umekatazwa na wakubwa. Mtungaji hodari aliyetafuta neno wiki nzima hupata malipo yale yale ya yule aliyeokota lililo karibu. Na kazi zenye thamani husubiri hadi kampuni ya mbali izitoe upya baada ya miaka 30 au 40, zikiwa na maelezo yaliyoandikwa katika lugha ambayo wenye nyimbo hawakuimba.

Anayetaka kuanza hahitaji vyombo vingi. Na asikilize wimbo mara ya kwanza kwa ajili ya sauti na mara ya pili kwa ajili ya maneno, na mara ya tatu aulize kama viwili hivyo vinasaidiana au vinagombana. Aulize albamu imepangwa kwa nia gani, na nani angelalamika wimbo mmoja ukiondolewa. Aulize maneno yametoka wapi, pwani au bara, msikitini, kilabuni au katika daladala, na kama yamevaa nguo yao au ya kuazima. Kisha aandike sababu zake kwa Kiswahili kinachosomeka na mwimbaji mwenyewe, kwa kuwa mwimbaji ndiye msomaji wa kwanza ambaye uhakiki unamhusu.

Waimbaji wa Kiswahili hawajawahi kuogopa kujibiwa. Taarabu imekua kwa kujibizana, bendi za dansi zilikua kwa kushindana, na vijana wa bongo fleva na wa singeli wamerithi tabia hiyo bila ya kuhimizwa. Mcheza kwao hutunzwa, wasema wahenga. Kutunzwa huko ni fedha na vigelegele, na ni pia kusikilizwa na mtu wa kwao aliyekaa kimya hadi mwisho wa wimbo, kisha akasema alichokisikia.